Kucheza na Kuchezea: Mchezaji wa Kompyuta Alivyokuwa Mtungaji

Lugha yetu ina vitenzi viwili ambavyo katika masikio ya mgeni ni ndugu wa tumbo moja, lakini mwenyeji ajua ya kuwa tabia zao hazifanani. Kucheza ni tendo lisilo lawama likifanywa kwa wakati wake: watoto hucheza, vijana hucheza mpira, wazee hucheza bao chini ya mwembe, na harusini watu hucheza ngoma. Kuchezea ni neno la kuonya. Mtoto akikutwa ameifungua redio ya babaye ili aone kilichomo ndani huambiwa, "Usichezee!" Mtu mzima afanyaye mzaha na mali yake huambiwa anachezea shilingi chooni. Achezaye hufuata kanuni. Achezeaye hutia mkono mahali ambapo hakuruhusiwa. Nia ya insha hii ni kuonyesha ya kuwa, katika historia ya michezo ya kompyuta, ubunifu wa mchezaji ulikua pale kucheza kulipogeuka kuwa kuchezea. Kisha kuuliza kazi iliyozaliwa hivyo ni mali ya nani.

Nakiri ya kuwa sikulifikia jambo hili kwa kusoma. Nililifikia kwa kugombeza. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mitatu, alikuja kukaa nasi wakati wa likizo, na kila nilipopita sebuleni nilimkuta ameinamia kompyuta. Siku moja nilimuuliza kwa ukali anachezea nini. Alisimama kwa adabu akajibu, "Sichezei kitu, mjomba. Ninajenga nyumba ya bibi." Nikatazama. Kwa vitofali vya rangi alikuwa ameijenga nyumba ya marehemu mama yangu, ambayo ilikwisha bomolewa: baraza ya mbele, mlango wa mbao, ukumbi mwembamba, ua wenye kisima na mpera. Hata kidaraja kilichomeguka ukingoni hakukisahau. Nilimsifu. Ndipo aliponiuliza, "Mjomba, hii nyumba ni yangu, au ni ya wenye mchezo?" Mimi, ambaye kwa miaka mingi nimewafundisha vijana habari za mtungaji na utungo wake, sikuwa na jawabu. Nilikwenda kulitafuta katika historia.

Historia hiyo yaanza kwa jambo la ajabu: mwanzoni mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1961 kampuni ya Digital Equipment Corporation ilikipa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, kompyuta iliyoitwa PDP-1. Vijana wa hapo, wakiongozwa na Steve Russell, waliitungia mchezo ulioanza kuchezwa mwaka 1962 kwa jina la Spacewar! Vyombo viwili vya angani viliwindana juu ya kioo na kurushiana makombora. Lakini mchezo haukukaa kama Russell alivyouacha. Peter Samson hakuridhika na nyota zilizotawanywa ovyo. Akaweka ramani ya nyota za kweli za mbinguni. Dan Edwards akatia katikati jua lenye kuvuta vyombo, hata mchezaji akalazimika kuupima mvuto wake kama nahodha apimavyo mkondo wa maji. Martin Graetz akaongeza njia ya kutoweka penye hatari na kuibuka mahali pasipojulikana. Alan Kotok na Bob Saunders, walipoona viwiko vinauma kwa kubonyeza swichi za mashine, wakaunda visanduku vidogo vya kushika mkononi. Hapakuwa na mpaka kati ya aliyetunga na aliyecheza. Mchezo ulikuwa kama ngoma ya kijiji, ambayo kila mwenye sauti huongeza ubeti wake na hakuna aulizaye ruhusa aliipata wapi.

Ukuta uliletwa na biashara. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ilitoa Pong, mchezo wa kibao na kipira, ukiwa ndani ya kabati lenye kufuli na tundu la kutilia sarafu. Mchezaji alitia fedha, akashika kidude cha kuzungusha, akapokea mchezo kama ulivyotengenezwa. Sisemi ya kuwa alikuwa hana akili wala hila. Mcheza bao hakutunga kanuni za namua wala za mtaji, lakini mafundi wawili hawachezi bao moja. Kila mmoja ana mkono wake, na watazamaji huujua. Kucheza vizuri ni kubuni. Lakini ubunifu wa namna hiyo huisha kete zikusanywapo; kilichobaki ni sifa, na sifa hukaa midomoni mwa walioona. Mimi nauliza habari za ubunifu mwingine, ule unaoacha kitu nyuma ambacho mtu mwingine aweza kukiingia, kukitazama na kukitumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukuta huo ulitobolewa mahali pawili. Bill Budge alitunga Pinball Construction Set. Msomaji labda amepata kuiona ile meza iliyoinama, ambayo kipira cha chuma hurushwa kwa springi na kupigwapigwa kwa vibawa kisianguke. Budge hakuwauzia watu meza hiyo. Aliwauzia karakana ya kutengenezea meza za namna hiyo. Mnunuzi aliviokota vipande juu ya kioo, akavipanga apendavyo, akaihifadhi kazi yake katika diski, akaweza kumpa rafiki aicheze. Mwaka 1983 Doug Smith alitoa Lode Runner, mchezo wa mtu apandaye ngazi na kuchimba mashimo ya kuwanasia walinzi wamfuatiao. Ulikuwa na hatua 150 zilizokwisha tungwa, na pamoja nazo chombo cha mchezaji kutungia hatua zake mwenyewe. Hapa mchezaji alipewa ruhusa ya kubuni, lakini ndani ya kiwanja alichopimiwa na mwenyeji.

Tukio kubwa zaidi lilitokana na utundu. Mwaka 1992 kampuni changa ya id Software huko Texas ilitoa mchezo wa Wolfenstein 3D. Wachezaji, bila kuombwa wala kuruhusiwa, waliyafungua mafaili yake na kubadili picha na vyumba vilivyomo. Kwa kuwa mapya yaliandikwa juu ya yale ya zamani, aliyebadili aliharibu. Lakini watu hawakuacha. Hapo ndipo waliposimama njia panda, na nawaomba wasomaji waitazame kwa makini. Mwenye mali angeweza kukaza kufuli. John Carmack, mtunzi mkuu wa programu katika kampuni hiyo, alifanya kinyume. Mchezo wao uliofuata, Doom, uliotolewa tarehe 10 Desemba 1993, aliujenga kwa kutenga moyo na mwili: programu iendeshayo mchezo ilikaa peke yake, na picha, sauti na ramani zikakaa katika faili la pembeni. Mchezaji aliweza kuleta faili lake mwenyewe na la asili likabaki salama. Aliyekuwa akichezea sasa aliwekewa meza na taa.

Mavuno hayakukawia. Mwaka uliofuata vyombo vya kutungia ramani, vilivyobuniwa na wachezaji wenyewe, vilikuwa vimekwisha enea, na ramani zikapitishwa kutoka kompyuta hata kompyuta kwa njia ya simu. Kundi la wapenzi lililojiita TeamTNT lilikuwa tayari kuigawa bure kazi yake kubwa. Kampuni ikainunua, ikawauzia watu mwaka 1996 katika toleo la Final Doom. Desemba 1997 Carmack aliyatoa hadharani hata maandishi ya asili ya programu yenyewe, ili atakaye ajifunze na kuyaendeleza. Kwa sababu hiyo Doom huchezwa mpaka leo katika mashine ambazo hazikuwako duniani siku ulipozaliwa. Kilichoachiliwa kichezewe kimeishi. Vingi vya rika lake vilivyofungiwa kabatini vimesahauliwa.

Baada ya hapo mwanafunzi aliweza kumpita mwalimu. Kampuni ya Valve ilitoa Half-Life mwaka 1998. Mwaka 1999 vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliugeuza wakapata mchezo mwingine wa vikosi viwili vyenye kupambana, wakauita Counter-Strike. Uligawiwa bure, na watu wakaukimbilia. Mwaka 2000 Valve iliununua na kuwachukua watungaji wake. Mchezo uliozaliwa kwa kuuchezea mwingine ukawa maarufu kuliko mzazi wake.

Msomaji asidhani ya kuwa ubunifu huo ulikuwa wa vita na bunduki tu. Mwaka 1996 kundi la wachezaji wa Quake, wajiitao Rangers, waliutumia mchezo huo wa mapigano kama jukwaa: waliwaendesha watu wa mchezo kama waigizaji, wakaihifadhi hadithi yao fupi kwa jina la Diary of a Camper. Ni moja ya filamu za kwanza kabisa kutengenezwa ndani ya mchezo. Hapo lugha yetu ilikwisha tangulia, kwa kuwa kwetu neno mchezo tangu zamani hubeba maana ya mashindano na maana ya maigizo pamoja, na mchezaji wa jukwaani na wa uwanjani hatukuwapa majina mawili.

Tena yuko Will Wright. Mwaka 1991 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya vilima vya Oakland, California, na nyumba yake ikawa miongoni mwa zilizoungua. Alipokuwa akiyajenga upya maisha yake, akinunua kimoja baada ya kingine vitu vya lazima vya nyumbani, alianza kufikiri kwa nini mwanadamu huhitaji hiki na kukitamani kile. Katika fikira hizo mlitoka The Sims, mchezo wa mwaka 2000, ambao kazi yake ni kujenga nyumba na kuwatunza wakazi wake. Vyombo vya kuwashonea wakazi hao mavazi na sura vilitolewa kwa watu kabla ya mchezo wenyewe kutoka, na wachezaji wakawa wanapiga picha za nyumba zao na kuziandikia hadithi, za ndoa, ugomvi, vifo na mapatano. Mtu aliyepoteza nyumba aliwapa watu wengi njia ya kujenga zao. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mpwa wangu na kisima cha bibi yake.

Sasa tumefika penye mchezo wa mpwa wangu. Minecraft ulianza kutolewa na Markus Persson wa Uswidi mwaka 2009, ukakamilishwa mwaka 2011. Ulimwengu wake ni wa vitofali: ardhi ni vitofali, miti ni vitofali, maji na mawingu kadhalika, na kila kitofali huhesabiwa kuwa mita moja kwa kila upande. Hakuna duara. Atakaye kuba la msikiti au mlingoti wa jahazi hana budi kulidanganya jicho kwa pembe ndogo ndogo. Mwaka 2010 liliongezwa vumbi jekundu liitwalo redstone, lenye kupitisha nguvu kama waya, na wachezaji wakaunda kwalo milango ijifunguayo, kisha mashine za kujumlisha na kutoa, na hatimaye kompyuta nzima ndani ya kompyuta. Aliyelitia vumbi hilo hakuwaagiza hayo. Walilichezea tu.

Watu husema, na mimi nilisema zamani, kwamba huu si ubunifu kwa kuwa vifaa vyote vimekwisha tengenezwa na mtu mwingine. Nawajibu kwa mfano wa fani yetu. Malenga hakubuni mizani wala vina. Alivikuta. Amefungwa kwa mizani nane na nane, kina cha kati na kina cha mwisho, na katika kifungo hicho hicho tunamtambua nani fundi na nani mbabaishaji. Hakuna amnyimaye jina la mtungaji kwa sababu alijengea vipimo vya wazee. Mpaka humlazimisha mtu kutafuta, na atafutaye ndiye avumbuaye. Mtoto abanwaye na kitofali cha mita moja yuko katika shule ile ile ya mshairi abanwaye na mizani.

Na matunda ya shule hiyo yamevuka kioo. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilishirikiana na wenye Minecraft kuanzia mwaka 2012 katika mpango ulioitwa Block by Block. Katika mpango huo wakazi wa mahali hukusanywa, hupewa mfano wa uwanja au mtaa wao uliokwisha jengwa kwa vitofali, nao hupanda miti, huweka taa, huhamisha njia, kisha huwaonyesha wakuu wa mji wanachokitaka. Miongoni mwa mahali pa kwanza palipojaribiwa ni uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Ramani ya msanifu ni lugha ambayo wachache huisoma. Kitofali ni lugha ambayo mama na mwanawe waweza kubishana kwayo mbele ya ofisa bila mkalimani.

Lakini mfano wangu wa mshairi una ufa, na ningekuwa mwongo kama ningeuficha. Mizani haina mwenyewe. Hakuna awezaye kumjia mjane wa malenga na kusema, "Vipimo vilikuwa vyangu, nirudishie utenzi." Vitofali vina mwenyewe. Minecraft ulinunuliwa na Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, pamoja na sifa yote iliyojengwa na mikono ya wachezaji, na wachezaji hawakuwa mezani siku ya kutia sahihi.

Yako mambo mazito zaidi. Warcraft III, mchezo wa kampuni ya Blizzard wa mwaka 2002, ulikuja na chombo cha kutungia michezo mingine. Kwa chombo hicho mchezaji mmoja alitunga mwaka 2003 mchezo ulioitwa Defense of the Ancients. Wengine wakaupokea na kuukuza kwa miaka. Katika mbegu hiyo imemea aina nzima ya michezo, ukiwamo League of Legends wa mwaka 2009 na Dota 2 wa mwaka 2013, na mali nyingi imepatikana humo. Mali hiyo haikwenda kwa aliyempa mtungaji chombo. Basi mwaka 2020, Blizzard ilipoutoa upya mchezo wake, iliandika katika masharti ya kwamba kila mchezo utakaotungwa na mchezaji kwa chombo hicho ni mali ya kampuni peke yake. Carmack aliufungua mlango. Hapa ulifungwa, na walio ndani wakaambiwa kila wakishonacho ni cha mwenye nyumba.

Hata pasipo ugomvi, kazi yaweza kupotea. Mwaka 2015 Nintendo ilitoa Super Mario Maker, mchezo wa kutunga hatua na kuwapelekea wengine. Ulikuwa na sharti moja la adili: hakuna aliyeruhusiwa kuipeleka hatua yake kwa watu mpaka aishinde kwanza yeye mwenyewe. Mpishi na aonje. Watu wakatunga, wakaonja, wakapelekeana. Tarehe 8 Aprili 2024 mtandao wa toleo hilo la kwanza ulifungwa, na hatua ambazo hakuna aliyezihifadhi hazikuweza tena kuchukuliwa kutoka humo. Maktaba ilifungwa pamoja na vitabu vyake.

Wazee wetu wa pwani walimjua mtu mwenye nyumba asiye na kiwanja. Katika Ng'ambo ya Unguja, zamani za utawala wa Kiingereza, wengi walijenga vibanda vyao kwa mikono yao juu ya ardhi ya mwingine, wakalipia kodi ya kiwanja. Miti, udongo na jasho vilikuwa vyao. Mahali pa kusimamia havikuwa vyao. Mwaka 1928 waligoma wakakataa kulipa, kwa sababu mtu aliyesimamisha nyumba huona, wala hakosei, ya kuwa ana haki ambayo hati ya ardhi haikuiandika. Mchezaji wa leo ni jirani yao. Kiwanja ni cha kampuni kwa hati. Nyumba ni yake kwa kazi. Na baina ya hati na kazi sheria haijamaliza kusema.

Kwa hiyo nilimjibu mpwa wangu hivi: nyumba ni yako kwa kuwa hakuna mwingine aliyekijua kidaraja kile kilichomeguka, kiwanja ni chao, nao waweza kukifunga. Soma masharti kabla ya kujenga. Weka nakala ya kazi yako mahali pako. Andika jina lako na tarehe. Nasi waalimu na watunza maktaba tuna wajibu wetu. Tulikwisha kawia mara moja, tukaziacha tungo nyingi za wazee zipotee pamoja na vifua vilivyozihifadhi, kwa kudhani ya kuwa kisichoandikwa kitabuni si fasihi. Tusikawie mara ya pili kwa kudhani ya kuwa kilichojengwa mchezoni ni mchezo tu.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Mchezaji niliyemsimulia hachezi kwao. Anacheza ugenini, katika ua wa watu, na tuzo aghalabu huokotwa na mwenye ua. Hata hivyo, tangu vijana wa Spacewar! mpaka wakazi wa Kibera, waliougeuza ugenini kuwa kwao ni wale waliothubutu kutia mkono. Sasa nipitapo sebuleni nikamwona kijana ameinama, simuulizi tena anachezea nini kwa sauti ile ya zamani. Namuuliza anatunga nini, na kama ameweka nakala.